Ansima Hakupewa Karuho

Aganze mwanangu,

Habari za koti la mvua, za kutolala garini simu ikiwa mfukoni, za kujitambulisha kwa padri ukifika, zote mama yako amekwisha kukueleza, na amekueleza mara tatu. Mimi sina la kuongeza hapo. Nimekaa dukani, nimefunga mlango wa mbele ingawa jua bado lipo, na wateja wawili wamegonga wakaondoka wakinung'unika. Naandika kwenye karatasi za daftari zilezile tunazokunjia vidonge. Kesho asubuhi unapanda gari la Shabunda, kwenda kufungua duka lako la dawa migodini, na nikikutazama usoni sitaweza kusema haya. Nimejaribu miaka kumi na minne, nimeshindwa.

Usidhani nimeamka leo na moyo safi. Mama yako ndiye aliyenisukuma. Alinikuta asubuhi nikikufungia katoni ya dawa, akasimama pale penye mizani, akasema: "Papa Aganze, ukimuacha mutoto aende na ile uongo, mimi mwenyewe nitamuambia kesho ku parking, mbele ya batu bote." Alisema taratibu kabisa. Wewe unamjua mama yako, anapopiga kelele hakuna hatari. Anaponyamaza hivyo ndipo pa kuogopa.

Basi nakuambia. Dada yako Ansima hakupewa karuho, ile sumu ya siri. Mama Faida, yule muuza uji, hakumtilia kitu kwenye kikombe, wala hakumtendea ubaya wowote. Ansima alihara, na kuhara hakungemuua kama si mimi baba yake. Hadithi ya sumu niliianzisha mimi, kwa kinywa changu, siku ya kilio chake. Ulikuwa na miaka tisa, ukaiamini, na mpaka leo ukilisikia jina la yule mama unatema mate chini. Nakuona unavyotema, na kila mara naangalia pembeni.

Nianzie mbali kidogo, kwa sababu unakwenda kufanya kazi yangu.

Mimi sikusoma uuguzi. Unajua hilo, lakini hatulisemi. Duka hili lilianza na sabuni, chumvi na mishumaa. Baadaye nikaweka vidonge vya kichwa, kisha vya malaria, kisha vya kila kitu. Mtu wa kwanza kuniita dokta alikuwa mzee mmoja aliyepona mafua, na mafua yangepona hata bila mimi. Nilicheka. Wa pili aliponiita hivyo sikucheka. Kufika mwaka wa pili, mtu akinipita njiani bila kuniita dokta nilikuwa nakasirika, nikidhani amenidharau. Jina lile lilinilevya, Aganze. Kule migodini watakuita hivyo siku utakayotundika ubao wako, kwa sababu hakuna mwingine wa kumwita, na nesi wa karibu yuko mwendo wa masaa kwa miguu. Utaona lilivyo tamu.

Na kazi yenyewe ni rahisi, nilikufundisha mwenyewe. Mama anasimama dirishani: "Dokta, mutoto anaharisha tangu jana, nipatie ile ya kufunga." Humuulizi mengi, maana maswali yanamfanya afikiri hujui. Unakata kipande cha karatasi, unaweka kidonge cha dawa kali ya kuua vijidudu, kidonge cha minyoo, kidonge cha kufunga tumbo, unakunja, unampa. Mchanganyiko wetu. Akirudi kushukuru, unasema umemponya. Asiporudi, unasema amehama au amepata nafuu. Katika maisha yangu yote ya biashara sikwenda hata mara moja kumtafuta mtu ambaye hakurudi.

Wiki ile ilikuwa ya mvua kubwa. Bomba lilikuwa kavu siku nyingi na avenue nzima, mtaa wetu wote, ilikuwa inateka kwenye chemchemi ya bondeni, na vyoo vya nyumba za juu vilikuwa vimefurika, maji yake yakiteremka na udongo mpaka palepale tunapoinamisha vidumu. Sote tuliona. Tuliruka yale maji machafu kwa miguu yetu, tukateka, tukapanda ngazi za mlimani, tukanywa. Mama yako alichemsha siku mbili, kisha makaa yakawa haba, tukasema mvua imesafisha. Watoto wa nyumba sita wakaanza kuhara wiki hiyohiyo. Dirisha langu lilijaa kina mama toka asubuhi. Nikafurahi, mwanangu. Niliona biashara.

Ansima alianza Jumanne asubuhi. Alikuwa na mwaka na nusu, unakumbuka alivyokuwa anakufuata akishika suruali yako. Alihara mara tatu kabla ya saa nne, maji matupu. Mama yako akasema: "Tumupeleke ku santre." Nikamwambia ni meno. Akaniambia: "Meno imeota yote ya mbele, meno gani tena?" Nikakasirika. Kituo cha afya kiko chini kule, hata nusu saa haifiki kwa miguu. Lakini mbele yake kuna benchi, na kwenye benchi lile wanakaa watu wa avenue yetu, wateja wangu. Nilijiona nimekaa pale katikati yao, dokta mzima, nimempakata mtoto wangu, nasubiri kuitwa na nesi. Hapo ndipo Ansima alipouawa, Aganze. Ugonjwa ungeweza kushindwa bado. Benchi lile ndilo lililonishinda mimi.

Nikampa mchanganyiko. Nilikata vidonge kwa wembe, robo robo, kama vile kupunguza kipimo kunamfanya mtu kuwa mwenye elimu. Kile cha kufunga tumbo hakipaswi kabisa kuingia mdomoni mwa mtoto mdogo. Sikujua. Sikuuliza pia, na kutouliza ni kosa kubwa kuliko kutojua. Halafu nikafanya jambo ambalo kila mtu hapa kwetu analifanya: nikakataza asipewe cha kunywa. Kila akinyonya anahara, si ndiyo? Basi asinyonye, tumbo lipumzike. Mama yako akaniuliza: "Hata maziwa yangu nisimupe?" Nikasema hata maziwa yako. Alikaa mlangoni na kifua kimejaa, nguo imelowa maziwa, mtoto akilia kwa kiu, na mimi niko ndani nawahudumia watu.

Mchana kuhara kukakoma. Nilimwita mama yako nikamwambia "Umeona?" Neno hilo moja, kwa majivuno. Namwomba Mungu kila siku anisamehe mengine yote, lakini hilo sijui nitamwombaje.

Kuhara hakukukoma. Maji yalikuwa yanaendelea kutoka mwilini mwake na kujaa tumboni, njia ya kutokea tu ndiyo iliyokuwa imefungwa. Tumbo likawa gumu. Aliacha kulia, nikasema amepoa. Alilia mara moja jioni bila machozi, nikaona lakini sikuelewa ninachokiona. Macho yalikuwa yamezama ndani, midomo imekauka, amelala kope nusu wazi. Mama yako alipapasa nguo ya ndani ya mtoto akasema ni kavu tangu mchana, hajakojoa. Nikamjibu kwamba hiyo ni nzuri, nguo za kufua zimepungua. Nilifanya mzaha, Aganze.

Jumatano asubuhi mikono na miguu yake ilikuwa baridi. Mama yako hakuniuliza tena. Alimfunga mgongoni akatoka, nami nikamkimbilia nyuma, na unajua nilimwambia nini? Nilimwambia tupitie njia ya nyuma, ya bondeni, ili watu wasituone. Njia ile inazunguka. Akanifuata, kwa sababu alikuwa amechoka na kwa sababu alikuwa bado ananiamini. Huwa nahesabu hatua za mzunguko ule nikiwa kitandani.

Nesi alimlaza mezani, akatafuta mshipa wa kupitishia serumu, yale maji ya chupa, mkononi, mguuni, kichwani. Mishipa ilikuwa imelala yote. Huku anatafuta akauliza: "Alikojoa mara ya mwisho saa ngapi?" Mimi sikujua. Mama yako alijua. "Mulimupa dawa gani?" Nikajibu mimi, haraka: "Hatukumupa kitu." Mama yako akageuka akanitazama. Ansima alikufa pale mezani kabla ya saa sita, jua linawaka nje, watoto wa shule wanapita wakiimba.

Sasa sikiliza sehemu ambayo hata mama yako hajui yote.

Kwenye kilio watu walijaa mpaka kwenye ngazi. Nikasikia mtu nyuma yangu anasema: "Mutoto wa Dokta anakufa na kuhara namna gani? Iyo haiko kuhara. Iyo ni karuho." Mwingine akaitika. Unajua sisi watu wa Bukavu, mtu akikonda, akitapika, akihara, hatuulizi alikunywa maji gani, tunauliza alikula kwa nani. Nilikuwa nimeinamisha kichwa. Ningeweza kubaki hivyo. Nikakiinua nikasema: "Siku moja kabla ya kuugua alikunywa uji kwa Mama Faida." Basi. Ilikuwa kweli, alikunywa, hata wewe ulikunywa kikombe kilekile. Sikutaja sumu. Nilitaja jina tu na kuwaacha wamalizie wenyewe, na nilijua watamalizia.

Mama Faida alikuwa mjane anayeuza uji pale juu ya ngazi, hana kaka mjini, hana shemeji, hana wa kumtetea. Ingekuwa mke wa mwanajeshi nisingethubutu. Walimwaga sufuria lake, wakavunja mlango, na watoto wakarusha mawe. Wewe ulirusha moja. Lilimpata juu ya jicho. Ulikuja kuniambia, nikakununulia soda. Sijui kama unaikumbuka. Mimi sijaisahau hata siku moja, kwa sababu ulikuwa unalia na ulikuwa unataka nikuambie umekosea. Umekua ukiamini ulimlipizia dada yako. Jiwe lile ni langu, nililitia mkononi mwako. Mzigo wake usiubebe wewe.

Alihama na binti yake siku ya tatu. Duka langu likapata wateja zaidi, maana dokta aliyetendewa ubaya na wenye wivu lazima awe dokta wa kweli.

Miaka ikapita. Siku moja wakatuita sisi wenye maduka ya dawa kwenye ukumbi wa parokia, nesi mmoja mwanamke, mfupi, mkali, anatufundisha habari za kuhara. Nilikwenda kwa sababu kulikuwa na chakula. Akamwita mtoto wa mmoja wetu mbele, mzima kabisa, akamfinya ngozi ya tumbo akaiachia, ikarudi mara moja. Akasema: "Kama mwili haina maji, ngozi inabakia imesimama, inarudi polepole. Mukiona vile, musiuze kitu. Mukimbie." Na mimi vidole vyangu vikakumbuka. Nilikuwa nimemshika Ansima tumbo lake jioni ile, na ngozi ilibaki imekunjamana kati ya vidole vyangu. Nilidhani amekonda. Nilitoka nje nikasimama nyuma ya ukumbi, nikarudi, nikakaa, nikala chakula.

Ungedhani baada ya hapo niliacha. Sikuacha. Hili ndilo linaloniumiza kukuandikia kuliko yote. Nilirudi dukani nikaweka pakiti za SRO mbele, ule unga wa chumvi na sukari, kina mama wakaja, nikawapa, wakauliza: "Na dawa iko wapi?" Nikawaeleza siku mbili. Siku ya tatu wakaanza kwenda kwa mwenzangu wa duka la chini. Siku ya nne nikaanza tena kukunja mchanganyiko. Nilikuwa nimekwisha kujua, mwanangu, na nikaendelea. Na wewe ukamaliza shule, ukaja kunisaidia, nikakufundisha kukunja.

Kwa hiyo nisikilize, si kama dokta. Nisikilize kama mtu aliyeona kwa macho yake na akakataa kuona.

Kuhara ni mavi ya mtu yaliyorudi mdomoni mwa mtu. Usiseme vizuri, sema hivyohivyo, kwa kuwa tukianza kuona haya na maneno tunaanza kutafuta mchawi. Yanapitia maji, mikono, nzi, ugali uliolala na sambaza, dagaa wetu wa ziwani, wa jana. Kule uendako wachimbaji wanajisaidia mtoni juu, wanaosha mchanga katikati, na wake zao wanateka chini. Utaliona siku ya kwanza. Choo chako chimba mbali na maji, na ya kunywa chemsha hata kama wanakucheka. Ila usidhani kila tumbo ni maji tu: malaria ya mtoto inaweza kuanza kwa kuhara, surua pia, na hizi dawa kali tunazozigawa kama karanga nazo zinaharisha. Ndiyo maana kukisia dirishani ni wazimu. Mimi nimekisia maisha yangu yote.

Wengi watapona kwa kunywa tu. Hilo liliniudhi sana nilipolielewa, kwa maana nilikuwa nauza kitu ambacho hakikuhitajiwa na watu waliokuwa wanapona wenyewe. Mtoto anyonye, na azidi kunyonya. Ale. Anywe kidogo kidogo kwa kijiko baada ya kila choo, akitapika ungoje dakika kumi uanze tena polepole. Pakiti moja ni ya lita nzima ya maji safi. Nakuambia hivi kwa sababu kule watapimia kwa chupa ya bia, na chupa ya bia haifiki lita, maji yanakuwa makali ya chumvi na mtoto anaumia. Tafuta chombo cha lita, kiweke dirishani, wafundishe nacho. Pakiti zikiisha, lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vimesawazishwa, visifurike. Zinki umpe mtoto siku kumi, hata kama amepona siku ya tatu.

Lakini kuna wale usiopaswa hata kuwafungulia boksi. Nawaandika kama ninavyowaona, na wengi wao wana uso wa dada yako. Aliyezama macho. Anayelia bila machozi. Ambaye mama yake anakuambia nguo ni kavu tangu asubuhi. Anayelala na ukimwamsha anarudi kulala, huyo usimwite mpole. Asiyeweza kunywa, au anayetapika kila kinachoingia. Mwenye damu kwenye choo. Mwenye homa kali, mwenye tumbo lililovimba na kukaza. Mtoto mchanga wa miezi michache, huyo usisubiri hata nusu siku. Na yule ambaye anahara wiki mbili na bado, hata kama anatembea. Mtu mzima naye anakufa, usidanganyike na misuli ya wachimbaji: ukiona choo chake ni kama maji ya kuoshea mchele na miguu inakaza, huyo anaweza kwisha kabla jua halijazama. Mnyweshe njia nzima, mchukueni kwa pikipiki, kwa machela, kwa mgongo, mkimbie.

Na watakuja kukuambia: "Dokta, huyu balimupa karuho." Watataka apelekwe kwa mtaalamu wa karuho, amnyweshe majani, amtapishe. Mtu ambaye amekwishiwa maji mwilini atapishwe tena! Hapo utasimama, Aganze. Utasema hapana, kwa sauti. Watakuuliza wewe ni mtu wa kabila gani usiyejua karuho. Waambie baba yako ndiye aliyetunga moja kwa ulimi wake, na unajua jinsi inavyotengenezwa.

Nilikwenda Mumosho wiki mbili zilizopita. Nilikuambieni nakwenda kuona shamba. Nilimtafuta Mama Faida, haikuwa kazi, kila mtu anamjua, analima mihogo upande wa mto Ruzizi. Kovu liko palepale juu ya jicho. Aliniona nikiwa bado mbali akasimama na jembe lake mkononi.

"Weye ni ule wa famasi."

Nikasema ndiyo. Nikapiga magoti kwenye matuta, nikamwambia yote, yale ninayokuandikia hapa. Hakulia. Aliniacha nimalize, kisha akauliza: "Miaka yote ile, hukujua njia ya kufika huku?" Ni saa moja tu kwa gari. Nikamwomba msamaha. Akasema: "Pardon yako niiweke wapi? Faida alikosa kuolewa mara mbili juu ya iyo jina. Banasema mama yake ni mulozi. Akusamehe yeye kwanza, eko ndani ya nyumba, hataki kukuona." Nikamwuliza nifanye nini. Akainama akaendelea kulima, nikadhani amemaliza nami. Ndipo akasema bila kuinua kichwa: "Ulisemaka pale ku avenue, na batu bakasikia. Rudia pale useme, nabo basikie."

Nikarudi, nikakaa kimya wiki mbili. Huyo ndiye baba yako. Kama mama yako asingesimama penye mizani leo, ningekukumbatia kesho na kukuambia uwe mwema.

Jumapili baada ya misa shirika letu, sisi Wakristo wa avenue, linakutana kwa katekista. Nimekwisha kumwomba nafasi ya kusema. Nimemwambia ni jambo la duka. Nitasimama nitaje mchanganyiko, nitaje benchi, nitaje njia ya nyuma, nitaje uji. Mama yako atakuwa pale. Sijui watanifanya nini. Huenda mawe yatapata mahali yanapostahili. Duka litafungwa, hilo nina hakika, na wewe utakuwa bado njiani, matopeni, na simu yako itaanza kupigwa na marafiki zako wakikuuliza kama ni kweli. Wajibu ndiyo. Usinitetee.

Katoni niliyokufungia nimeifungua tena. Dawa za kufunga tumbo nimezitoa zote, na zile kali nimezitoa, nimezitumbukiza chooni. Nafasi yake nimejaza pakiti za SRO, zinki, na vidonge vya kusafishia maji. Utapata hasara. Utakasirika ukifika na kuona huna cha kuuza ambacho watu wanakitaka. Nilifikiri kukuomba usiende kabisa, lakini nimekosa haki ya kukukataza. Nenda kamwone nesi yule aliye mbali kabla ya kufungua dirisha lako, mwulize kama anahitaji mtu wa kumsaidia, mwenye nguvu ya kubeba wagonjwa. Una miaka ishirini na mitatu, bado unaweza kukaa kwenye benchi na kujifunza. Mimi niliona aibu kukaa.

Kesho sitakusindikiza ku parking. Si kwa sababu sitaki. Barua hii mama yako atakupa usiku, na utakuwa umeisoma, na nataka uwe huru kuondoka bila kunipa mkono. Ukitaka kuniona, nitakuwa hapa dukani, mlango wa nyuma uko wazi.

Jambo moja nakuomba, na ukilikataa nitaelewa. Siku atakapokuja mama wa kwanza na mtoto wa namna ile, macho ndani, mkono baridi, na wewe ukaacha kila kitu ukambeba mwenyewe mpaka kwa nesi, kwa njia fupi, mbele ya watu wote, nipigie simu. Hata kama hatujasemezana miezi. Usinisalimie kama hutaki. Niambie tu kama mlifika.

Baba yako